Chakula cha Zamadamu: Mambo Yasiyoachwa na Mawe

Katika Uwanda wa Makonde, huko Mkunya na sehemu nyingine za Newala, watu huchimba ming'oko. Hivi ni viazi vya mwituni, jamii ya viazi vikuu, ambavyo havikupandwa na mtu. Mchimbaji hana budi kuutambua mmea kwa majani na shina lake, afukue mchanga, kisha apeleke viazi nyumbani vichemshwe na kuliwa na jamaa wote. Baadaye shimo hufukika na maganda huoza. Miaka mingi ikipita, hakuna dalili kwamba kazi hiyo ilifanyika. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila atakaye kujua jinsi zamadamu walivyojipatia chakula.

Ushahidi wa mawe na mifupa

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo 1,800,000. Mahali hapo palikutwa pia zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyovunjwa. Mwaka 1964 zamadamu mwingine wa bonde hilo alipewa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi, kwa kuwa alidhaniwa kuwa ndiye mtengenezaji wa zana hizo.

Katika miaka ya 1970, Glynn Isaac, aliyechunguza Koobi Fora nchini Kenya, alieleza kwamba malundo ya namna hii ni mabaki ya kambi. Kwa maoni yake, baadhi ya zamadamu walileta nyama, wengine mimea, kisha chakula kikagawanywa. Mwaka 1981 Lewis Binford wa Marekani alipinga: wanyama wala nyama nao hukusanya mifupa, na huenda zamadamu waliokota masazo tu. Mwaka huo huo mifupa ya Olduvai ilitazamwa kwa hadubini, ikaonekana ina alama za kukatwa kwa mawe, na mingine ina alama za meno ya wanyama. Basi nyama ililiwa. Linalobishaniwa ni jinsi ilivyopatikana.

Ushahidi wa meno

Meno nayo hutunza habari, maana kaboni ya chakula huingia katika jino linapokua. Mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao na Marion Bamford walitoa matokeo ya kupima meno ya zamadamu wa Tanzania. Zinjanthropus alionekana kutegemea zaidi vyakula vyenye kaboni ya jamii ya nyasi na mafunjo. Homo habilis alikula mchanganyiko. Hivyo jirani wawili wa bonde moja hawakula chakula kimoja.

Kazi iliyooza

Karibu na Ziwa Eyasi, wanawake wa Kihadzabe huchimba mizizi kwa vijiti vilivyochongwa ncha. Katika miaka ya 1990 Kristen Hawkes na wenzake walieleza kwamba bibi wazee huchimba kwa bidii, na chakula chao huwafaa wajukuu hasa mama anapokuwa na mtoto mchanga. Wahadzabe ni watu wa leo, wala si zamadamu. Lakini mfano wao waonyesha kwamba jamii yaweza kutegemea sana kazi isiyoacha jiwe wala mfupa. Kijiti cha kuchimbia huoza. Kwa hiyo kutokikuta Olduvai si hoja ya kusema hakikuwapo, wala si haki kumfanya mla nyama pekee kuwa mlezi wa ukoo wa binadamu.

Maarifa ya ming'oko nayo hukaa vichwani mwa wachimbaji, na pori likifyekwa hupungua. Shule za Newala na Masasi zingefanya vema kuwauliza wazee na kuandika jina la mmea, sura ya majani, udongo wake na msimu wa kuchimba.