Zizi la Mlowezi na Lugha ya Amri: Kutoka Njoro hadi Malakisi

Utangulizi

Historia ya walowezi nchini Kenya huelezwa zaidi kwa misingi ya ardhi, kodi na kazi. Makala haya yanachunguza kipengele kingine, yaani lugha iliyotumika kati ya nyumba ya mlowezi na zizi lake. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Kisetla. Hoja kuu ni kwamba kasoro ya Kisetla haikuwa sarufi yake, bali uhusiano wa watu uliobebwa na sarufi hiyo.

Kondoo wa Njoro

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Hugh Cholmondeley, yaani Lord Delamere. Mnamo 1903 alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Yeye na mkewe, Florence, waliishi kwanza katika vibanda vya nyasi. Aliagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand. Malisho yalipendeza macho, lakini udongo ulikosa madini muhimu na kondoo wengi wakafa. Wamaasai walikuwa wakiliepuka eneo hilo tangu awali. Hatimaye Delamere alihamishia mifugo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, akiwategemea wachungaji wa Kimaasai. Funzo la Njoro ni wazi: ujuzi wa nchi ulikuwa kwa wenyeji. Je, ni lugha gani ingeufikisha ujuzi huo kwa mlowezi?

Lugha ya Amri

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanajeshi wa Uingereza waligawiwa mashamba Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Huko mahindi yalishinda kondoo. Wabukusu wengi walihamia mashambani humo kama maskwota. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha kitabu cha mazoezi kiitwacho Up-Country Swahili, kilichowalenga walowezi na wanajeshi miongoni mwa wengine.

Katika Kisetla, upatanisho wa ngeli hulegea. Badala ya “walete kondoo wote” husemwa “leta kondoo yote”. Hilo peke yake si dhambi, kwani lugha nyingi za mawasiliano hurahisishwa. Tatizo ni kwamba mlowezi alihitaji vitenzi vya kuamuru, kuhesabu na kulaumu. “Naomba”, “waonaje” na “mzee” havikuwa na kazi kubwa zizini. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa “boi”.

Maskwota nao walikuwa na msamiati wao. “Kipande” kikawa cheti kilichovaliwa shingoni katika kikebe cha chuma. “Kifagio” likawa jina la hatua ya kuwaondolea maskwota mifugo yao katika miaka ya 1920. Chombo cha kusafishia nyumba kikageuka kuwa sitiari ya kufagiliwa kwa mali. Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliziwezesha halmashauri za walowezi kupunguza zaidi mifugo hiyo.

Malakisi

Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, ilipata wafuasi wengi Bungoma na miongoni mwa maskwota wa Trans Nzoia. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, wakawaua watu 11. Mwaka huohuo dini hiyo ilipigwa marufuku na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu.

Jina la dini hiyo linastahili uchambuzi. “Dini” na kihusishi “ya” ni Kiswahili. “Msambwa” limetokana na Kibukusu “kumusambwa”, neno linalohusu mizimu na mila za wahenga. Lugha iliyomfikia skwota kama amri ikawa chombo cha kutangaza imani yake. Aidha, mtu huyo alihamishiwa Lamu, mojawapo ya chimbuko la ushairi wa Kiswahili.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili cha bara hakipaswi kupimwa kwa makosa ya ngeli pekee. Mwanafunzi anayemcheka mzee wa Kitale kwa kusema “kondoo yote” hana budi kujiuliza mzee huyo alifundishwa na nani, na kwa sauti gani. Wazee waliokulia katika mashamba hayo wanazidi kupungua. Msamiati wao ukusanywe wangali hai, na wakusanyaji waanze kwa kuomba, si kwa kuamuru.