Tusimsingizie Mungu

Somo juu ya tabia ya Mungu

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Kutoka 34:5–7, Luka 7:11–15, Luka 13:1–5, Yohana 9:1–3, Yohana 14:8–9.



Siku moja tulikuwa msibani hapa Mlimba. Aliyefariki ni mtoto wa miaka mitatu. Alishikwa na homa siku ya Ijumaa, na Jumapili usiku akawa hayupo. Baada ya maziko mzee mmoja wa kanisa alisimama kumfariji mama wa marehemu. Alisema kwamba Mungu anayo bustani, na mwenye bustani huchuma ua analolipenda. Basi mama asilie, kwa kuwa Mungu amempenda mtoto huyo zaidi. Watu wakaitikia, nasi tukaitikia pamoja nao. Jioni tulipokwenda kuaga, yule mama alituuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, ninyi mnasoma Biblia. Huyo Mungu mwenye mbingu yote alipungukiwa nini hata akamtaka huyu wangu mmoja?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema, "Pole sana, mama," tukaondoka. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani, maana tulitambua kwamba maneno ya bustani na ua tumeyasema sisi wenyewe katika misiba mingi, tena kwa nia njema. Tuliyasema kwa sababu tuliyasikia kwa wengine. Hatukupata kujiuliza yanamfanya Mungu kuwa mtu wa namna gani. Somo la leo ni kujiuliza hilo.

1. Asili ya Mungu na tabia ya Mungu

Ni vema tutenganishe mambo mawili. Asili ya Mungu ni vile alivyo: kwamba ni mmoja, yu hai, ni wa milele, hana mwili kama wetu, uwezo wake na hekima yake na wema wake havina mwisho, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hayo ndiyo yanayofundishwa katika kanuni ya kwanza ya zile Kanuni 39 za Dini, ambazo Kanisa la Uingereza lilizikubali katika karne ya 16 na ambazo zimo katika urithi wetu Waanglikana.

Tabia ya Mungu ni jambo la pili: anatuwazia nini, na anatutendea namna gani. Mtu aweza kujua la kwanza asijue la pili. Anapoletwa mwalimu mkuu mpya shuleni, wazazi huweza kuambiwa ametoka chuo gani na ana cheti gani. Hayo ni kweli, lakini hayawaambii atamfanya nini mtoto aliyechelewa kwa sababu mto ulijaa. Hilo watalijua watakapoishi naye.

Babu zetu walijua kwamba Mungu yuko. Wahehe na Wabena humwita Nguluvi, Wangoni humwita Chapanga, na makabila mengi ya mkoa wetu wa Morogoro humwita Mulungu. Wamisionari hawakulileta jina la Mungu, walilikuta. Walichokuja kutangaza ni kwamba huyo ambaye jina lake tulilijua ameonyesha tabia yake waziwazi, katika mtu mmoja, Yesu wa Nazareti.

2. Yesu ndiye kipimo

Filipo aliomba aonyeshwe Baba. Yesu akamjibu kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba (Yohana 14:8–9). Neno hili ni zito kuliko tunavyodhani. Maana yake ni kwamba hakuna Mungu mwingine aliyejificha nyuma ya Yesu, mwenye moyo tofauti na wake. Basi kila neno tunalosikia juu ya Mungu tulipime hapo: je, Yesu alitenda hivyo?

Na tupime sasa lile neno la ua. Tunasoma katika Luka 7 kwamba Yesu alikutana na watu wanatoka katika mji wa Naini kwenda kuzika. Maiti alikuwa kijana, mwana wa pekee wa mama mjane. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kwamba Baba alimhitaji kijana huyo mbinguni. Yesu hakusema hivyo. Alimhurumia yule mama, akaligusa jeneza, akamwinua kijana, akamrudisha kwa mama yake. Kaburini kwa Lazaro alilia machozi. Tukizipitia Injili zote nne hatumwoni Yesu akimtia mtu ugonjwa, wala akimwua mtoto wa mtu ili kumfundisha adabu. Aliponya kila alipoombwa, na kifo alikishughulikia kama adui.

Wengine watasema: lakini Mungu hukasirika. Ndiyo, Maandiko yasema hivyo. Lakini tusome jinsi alivyojitambulisha kwa Musa katika Kutoka 34: huruma inatangulia, fadhili zinatangulia, na hasira inakuja polepole. Tena hasira yake ni juu ya uovu unaowaangamiza watu wake. Si kama hasira ya bwana mkubwa aliyeamka vibaya. Wale wa zamani walipofundisha kwamba Mungu haendeshwi na mihemko, hawakusema kwamba hajali. Walisema kwamba habadiliki leo akawa mwema na kesho akawa mkali bila sababu. Yakobo anaandika jambo hilohilo katika 1:17.

3. Chandarua na mapenzi ya Mungu

Sasa tutazame jambo lililotokea katika bonde letu wenyewe. Huko Ifakara, mwaka 1957, wataalamu kutoka Uswisi walianzisha maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ilikua mpaka ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vilivyotiwa dawa vilianza kuuzwa kwa wananchi kwa bei nafuu, na wengi wetu tunalikumbuka jina lake, Zuia Mbu. Mwaka 2001 wataalamu walitoa taarifa yao: kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4, matumizi ya vyandarua hivyo yaliongeza uhai wao kwa asilimia 27.

Tufikiri pamoja, ndugu. Kabla ya vyandarua watoto wengi walikufa kwa malaria, nasi tukasema ni Mungu amewachuma. Vilipokuja vyandarua walikufa wachache. Je, Mungu alipunguza hamu yake ya maua? Au kitambaa chenye dawa kilimshinda Mwenyezi? Na kama kila homa imetumwa na Mungu, basi mama anayemfunika mwanawe chandarua anapigana na Mungu, na mganga wa zahanati naye ni mpinzani wa Mungu. Hakuna Mkristo anayeamini hivyo. Twajua moyoni kwamba mama yule na mganga yule wanatenda kazi ya Mungu. Basi mbu hakuwa mjumbe wake.

Katika lugha yetu tunalo neno moja lenye hazina ndani yake, neno mapenzi. Mapenzi ni nia ya mtu, lile analotaka. Na mapenzi ni upendo. Kwa Mungu mambo haya mawili hayaachani: hakuna analolitaka ambalo halitoki katika upendo. Ndiyo maana Bwana alitufundisha kuomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani kama yanavyotimizwa mbinguni. Kama kila linalotokea duniani lingekuwa tayari ni mapenzi yake, tungeomba nini tena? Tunaomba kwa sababu yako mengi hapa chini ambayo bado hayajafuata mapenzi yake.

4. Basi ni nani aliyeua?

Hapa pana hatari, wapendwa, nasi hatuna budi kuisema wazi. Mtu akiisha kuambiwa kwamba si Mungu aliyemwua mtoto wake, mara nyingi swali linalofuata ni: basi ni nani? Na jibu husikika upesi, tena kwa kunong'ona: ni yule bibi wa nyumba ya tatu, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Akina mama wazee wamepigwa na hata kuuawa katika nchi yetu kwa ajili ya swali hilo. Kuacha kumsingizia Mungu na kuanza kumsingizia jirani si maendeleo.

Wako pia wanaomrudia mfiwa mwenyewe: alifanya nini? Wanafunzi waliuliza hivyo mbele ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alisema si yeye wala wazazi wake. Tena alipozungumza habari za mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, Bwana alikataa kwamba wao walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu.

Sisi wa bonde hili tunayo mifano yetu. Januari 2016 kivuko cha Mto Kilombero kilipinduka katika dhoruba. Wako waliouliza abiria wale walikuwa na dhambi gani. Hawakuwa na dhambi kupita sisi tuliokuwa nchi kavu siku ile. Palikuwa na upepo, maji mengi, na mto usio na daraja. Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa, na sasa watu wanavuka kwa miguu yao na magari yao. Tukiulizwa mkono wa Mungu ulikuwa wapi katika habari hiyo, sisi tungeutafuta kwa waliojitupa majini kuokoa wenzao, na kwa waliojenga daraja.

5. Vipi basi habari ya Ayubu?

Msomaji wa Biblia atatuuliza: je, Ayubu hakusema kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa? Alisema. Lakini tuangalie ni nani aliyesema. Alisema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa amejitupa chini kumwabudu Mungu. Mfiwa akiyatoa maneno hayo katika kinywa chake, tuyaheshimu. Rafiki zake walipoanza kumweleza kwa nini Mungu amemtenda hivyo, walisema sura baada ya sura. Na mwisho Mungu aliwaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake (Ayubu 42:7). Siku saba za kwanza, walipoketi naye chini pasipo kusema neno, ndizo walizofanya vema.

Hatusemi kwamba tumelimaliza fumbo. Mungu ni Mwenyezi, na bado watoto wanakufa. Kwa nini anayavumilia hayo mpaka sasa, hatujui. Tunalojua ni kwamba naye alimtazama Mwanawe msalabani, na siku ya tatu alimfufua. Huyo ndiye anayewapokea watoto wetu. Kumpokea mtoto aliyeanguka si sawa na kumwangusha.

6. Tufanye nini msibani?

Kwanza, tufike, tuketi, tukae kimya. Pili, tuchote maji, tulete kuni na unga, maana mfiwa hawezi kula maneno. Tatu, tukisema, tuseme machache yaliyo hakika: pole, Mungu yu pamoja nawe, tunangoja ufufuo. Nne, baada ya tanga tusimwache mfiwa peke yake. Na kama nyumba ina watoto wengine, tuulize kama wana chandarua.

Yule mama tulimrudia baada ya kuanua tanga. Tulimwambia kwamba tulikosa kuitikia maneno yale, na kwamba kwa jinsi tunavyomjua Mungu katika Yesu Kristo, hakupungukiwa na kitu wala hakumtaka mwanawe afe. Hakutujibu. Alituletea maji ya kunywa, tukanywa, tukaaga. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ile ya pili. Jumapili ya tatu tulimwona ameketi benchi la nyuma.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika vikundi

1. Ni maneno gani tunayoyasema misibani bila kuyafikiri? Yapimeni kwa Luka 7:11–15.
2. Tofauti ni nini kati ya asili ya Mungu na tabia yake?
3. Mtu akisema, "Kazi ya Mungu haina makosa," ni wakati gani neno hilo ni kweli, na ni wakati gani linaficha kazi ya mbu au uzembe wa watu?
4. Katika kitongoji chako yuko mzee anayesingiziwa uchawi? Kanisa limfanyie nini?

Sala

Ee Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, utusamehe kila mara tuliposema vibaya juu yako mbele ya wenye huzuni. Utupe kukujua kama ulivyo, na kunyamaza pale tusipojua. Uwafariji mama na baba waliofiwa na watoto, uwahifadhi wazee wanaosingiziwa, na utimize mapenzi yako katika bonde hili letu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.