Tairi Gani kwa Tope la Moi's Bridge?

Wadogo zangu mnaoendesha boda hapa Moi's Bridge, swali lenu limenifikia: mfunge tairi lenye meno makubwa kabisa ili tope lisiwashinde? Wengine mmenionyesha kwenye simu wale vijana wa Oman wanaopanda milima ya mchanga kwa pikipiki za magurudumu manne, mkaniambia mnataka tairi kama hilo.

Basi tuanze na hao wa mchangani, maana wana la kutufunza. Tairi lao la nyuma halina meno. Lina mabapa yaliyosimama kukatiza upana wake, yanachota mchanga na kuusukuma nyuma kama kasia linavyosukuma maji. Mbele huweka tairi laini lenye ukingo katikati, la kuelekeza tu. Na ajuaye kazi huchagua jepesi, kwa sababu kila unapoongeza mafuta, injini inatumia nguvu kulizungusha tairi lenyewe kabla ya kukusukuma wewe. Mchangani ukipoteza kasi unazama. Mwenye injini ndogo akifunga tairi zito lenye mabapa mengi, nguvu yote inaishia kwenye gurudumu. Halafu tairi hilo likipelekwa kwenye barabara ngumu linarukaruka, na mabapa yanachanika.

Sisi hatuna mchanga huo. Tuna tope linalonata kwenye njia za mashamba ya mahindi, tuna murram, na tuna lami ya Eldoret kwenda Kitale, na boda mmoja huzipita zote tatu asubuhi moja. Injini ya cc 100 au 150 ni ndogo, na huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo haivuti kama ingekuwa Mombasa. Wakati wa mavuno unaipakia gunia la kilo 90. Usiiongezee mzigo wa tairi zito.

Nyuma funga tairi la meno ya wastani yaliyoachana. Hiyo nafasi kati ya meno ndiyo inayotema tope. Meno yakibanana, udongo unajaa na tairi linakuwa duara laini linaloteleza. Yakiwa marefu mno nayo, yanayumba ukikata kona kwenye lami, hasa iliyolowa, na yanaisha upesi. Saizi isome ubavuni mwa tairi lililokuja na pikipiki, mfano 2.75-17 au 3.00-17, na usiipandishe kwa ajili ya urembo. Tairi nene huacha nafasi ndogo chini ya madigadi, tope linakwama hapo na gurudumu linagoma kuzunguka.

Ukiwa dukani tafuta pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Zikisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukikaa rafuni, kwa hiyo la zamani likatae, hata meno yake yawe mapya. Na ukilifunga, mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia.

Jambo moja msiige kwa wale wa mchangani: kupunguza upepo. Matairi yao yameundwa kwa upepo mdogo. Lako lina tyubu; ukilipunguzia upepo na kubeba mzigo, tairi linazunguka juu ya rimu, linaikokota tyubu na kuing'oa shingo pale pa kujazia. Hiyo si pancha ya kuzibwa, ni tyubu ya kutupa, nawe uko katikati ya shamba na giza linaingia. Jaza kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na upime asubuhi kabla tairi halijapata joto.

Na kama pesa inatosha tairi moja tu, angalieni la mbele kwanza. La nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kuirudisha pikipiki. La mbele likiteleza unaanguka, na mama uliyembeba anaanguka pamoja nawe. La mbele likiwa kipara, nunueni hilo kabla mvua za Machi hazijafika.