Apolo Naye Alifundishwa

Someni Matendo ya Mitume 18:24–28.

Ndugu wapenzi, twasoma habari za Apolo wa Iskanderia, msemaji hodari aliyeyajua sana Maandiko. Alikuwa akifundisha watu kwa bidii, lakini ujuzi wake ulikuwa na upungufu, kwa maana aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa kushona mahema, walipomsikia hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza yaliyopungua. Wala hatusomi ya kwamba alikataa. Baadaye akawa msaada mkubwa kwa waaminio wa Akaya.

Hapo twaona mambo mawili: mwalimu naye hufundishwa, tena mtu wa kazi ya mikono aweza kumfundisha mhubiri.

Ndugu zetu Waanglikana wamelishika neno hili. Mwaka 1975 chuo cha theologia cha Sewanee, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, kilianzisha mafundisho ya miaka minne kwa Wakristo wasio wachungaji. Yamefika hata Kanada, Australia na New Zealand. Watu 6 hata 12 hukutana kila juma pamoja na kiongozi. Mwaka wa kwanza husoma Agano la Kale. Wa pili, Agano Jipya. Wa tatu, historia ya Kanisa. Wa nne, mambo ya imani na mwenendo.

Kiongozi hasimami kuhubiri. Mmoja hueleza jambo lililompata kazini au nyumbani, nao huulizana: Maandiko yasemaje? Kanisa limefundisha nini? Watu wa nchi hudhani nini? Mimi mwenyewe naamini nini? Basi, nitende nini? Maana hawasomi ili wawe wachungaji, bali ili karani, muuguzi na mkulima wawe mashahidi mahali pao.

Nasi tujihoji. Mwalimu aliyeacha kusoma siku ile alipopewa kazi huwalisha watu chakula cha jana, nao wakadhani Neno lenyewe limepoa. Na Mkristo asiyeulizwa neno lolote tangu kubatizwa kwake, atamjibuje mtoto wake amwulizapo habari za imani?

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini Prisila na Akila hawakumsahihisha Apolo mbele ya watu?
2. Ni nani katika usharika wetu awezaye kutufundisha, nasi hatujamwuliza?
3. Juma hili tutakutana nyumbani kwa nani kusoma?