Kuunda Upya Motokaa ya Mashindano

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaani Remuera katika mji wa Auckland, New Zealand, Bwana Les McLaren, mwenye kituo cha petroli, alinunua Austin 7 aina ya Ulster. Ilifika nyumbani vipande vipande. Mwanawe Bruce, mvulana wa shule, alishirikiana naye kuiunda upya, kisha akaiendesha mashindanoni. Mwaka 1959, akiwa na miaka 22, Bruce alishinda mashindano makuu ya Marekani. Mwaka 1963 akaanzisha timu yenye jina lake.

Tuitazame injini hiyo, maana ni ndogo na yaeleweka. Ina silinda nne. Upana wa tundu la silinda ni inchi 2.2, na mwendo wa pistoni inchi 3. Tumieni kanuni ya mcheduara mliyofundishwa: silinda moja ni inchi za ujazo 11.4, zote nne 45.6, yaani karibu sentimita za ujazo 747. Ziko pikipiki zinazoipita!

Motokaa ya zamani haifunguliwi kwa pupa. Kila kitolewacho kitiwe alama na kuchorwa, au siku hizi kipigwe picha kwa simu. Angalieni hasa vifuniko vya konrodi: kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake, na vikibadilishana beringi italika upesi. Vyuma vioshwe nje kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Petroli isitumike kabisa, kwani mvuke wake hudaka moto upesi mno.

Kukaza kifuniko cha silinda ndiko kunakowashinda wengi. Asiye na subira hukaza nati moja hata mwisho, ndipo aishike ya pili. Chuma hupindika, gasketi haikai sawa, na maji hupenya ndani ya silinda. Sharti mwanze nati za katikati mkielekea nje, kidogo kidogo, kwa duru tatu au nne.

Breki za Austin ile huvutwa kwa nyaya. Uliochakaa ubadilishwe, usiungwe. Kila nati na pini ikaguliwe mara ya pili, na mtu mwingine. Bruce mwenyewe aliuawa tarehe 2 Juni 1970 huko Goodwood, Uingereza, akijaribu motokaa nyingine: kipande cha bodi ya nyuma kilifunguka ikiwa katika mwendo mkali.

Kabla ya kuwasha, toeni plagi zote, mzungushe injini kwa hendeli mpaka oili ifike kwenye beringi. Ikikwama, msiilazimishe, fungueni tena.