SOMO: JAKETI LA KUZUIA UPEPO WAKATI WA KIPUPWE



Somo letu la safari hii lahusu vazi la kazi, yaani jaketi la flisi lizuialo upepo. Huenda mwanachama akauliza jaketi na ushirika vinahusiana vipi. Vinahusiana kwa sababu wapo watu wanaoifanya kazi ya chama saa ambazo wengi wetu tumejifunika blanketi: mlinzi wa ghala, mpokea maziwa kituoni, na msafirishaji anayeteremka mlima kwa pikipiki saa kumi na moja alfajiri akiwa na madumu pande zote mbili. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, huku Njombe na Makete, pepo za kusi huvuma kwa vishindo. Katika uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, yako mapambazuko ambapo umande huwa umeganda majanini.

Yafaa kwanza ieleweke ni nini hasa kinachomwumiza mtu. Mwili huipasha joto hewa kidogo iliyo karibu na ngozi, na hewa hiyo, ikitulia, ni kama blanketi. Upepo huiondoa, mwili ukapasha nyingine, nayo ikaondolewa tena. Jambo hili lilipimwa na Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, huko Antaktika, kwa kutazama jinsi maji yalivyowahi kuganda kadiri upepo ulivyozidi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1945, na hesabu iliyorekebishwa ilianza kutumika Kanada na Marekani mwaka 2001.

Sasa tumwangalie msafirishaji wetu. Hewa ni nyuzi 5 za Selsiasi, wala hakuna jani linalotikisika. Lakini pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, mwenyewe amekwisha kujitengenezea upepo wa kilomita 40. Kwa hesabu hiyo, uso na vidole vilivyo wazi hupoteza joto kama vile hewa imefikia kiwango cha maji kuganda, au imepita chini yake kidogo. Vidole vikifa ganzi haviwezi kuminya breki barabara, na barabara yenyewe ni ya mteremko. Maziwa yakimwagika ni hasara ya chama. Mtu akianguka hatuna daftari la kuiandikia hasara hiyo.

Flisi ni kitambaa cha poliesta chenye manyoya mafupi. Kilitengenezwa mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills, jimbo la Massachusetts, Marekani, na tangu mwaka 1993 nyingine hufumwa kwa nyuzi zitokanazo na chupa za plastiki zilizotumika. Sifa zake ni za kweli: ni nyepesi, hainywi maji mengi kama pamba, na hukauka upesi. Ila ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji. Flisi ya kawaida hupitisha upepo kama chujio. Atakayeivaa ndani ya nyumba ataisifu. Atakayepanda nayo pikipiki atadhani amevaa shati.

Jaketi tunalolizungumzia hapa ni lile lenye utando mwembamba uliobanwa katikati ya matabaka mawili ya flisi, au lenye bitana ya nailoni iliyofumwa kwa kubana. Mengi hutufikia katika mitumba, na lebo zake ni za lugha tusizozisoma. Basi mnunuzi na atumie pumzi yake. Aweke kitambaa mdomoni, apulize kwa nguvu, na kiganja kiwe upande wa pili. Pumzi ikipenya waziwazi, hilo ni sweta tu. Kisha atazame kama nyuma ya zipu kuna ukanda wa kitambaa, kama kola inafunika shingo, kama mikono ina lastiki, na kama mgongo haubaki wazi mtu akiketi. Asiyepata jaketi la namna hiyo na avae koti la mvua juu ya sweta. Hata gazeti lililokunjwa kifuani chini ya shati husaidia sana.

Vazi lizuialo upepo huzuia pia jasho lisitoke upesi. Kwa hiyo anayepakia magunia na alivue kwanza, alivae akimaliza. Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa tulivu, yapata mara 25, na jasho nalo ni maji. Mtu aliyelowa katika upepo aweza kupoa hadi chini ya nyuzi 35 mwilini hata pasipo barafu yoyote. Akianza kutetemeka sana, kuangusha vitu na kusema maneno yasiyoeleweka, aondolewe upeponi, avuliwe nguo mbichi na afunikwe. Kutetemeka kukikoma huku angali amezubaa, huo si unafuu. Apelekwe hospitali mara moja.

Neno kwa walinzi, ambao tangu zamani wamezoea kabuti na jiko la mkaa. Cheche ikiangukia kabuti la sufu huliunguza polepole, lakini flisi huyeyuka na kugandama kwenye ngozi. Asiote moto kwa karibu akiwa amelivaa, wala lisipigwe pasi ya moto. Jiko lenyewe lisiingizwe katika kibanda kilichofungwa, kwani hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu, nayo huua mtu usingizini. Kwa maoni yetu, jiko hilo ndilo sababu kubwa kuliko zote ya kumpatia mlinzi jaketi la maana.

Kuhusu ununuzi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na chama kinachomlipa mlinzi mshahara ni mwajiri. Jaketi basi si posho wala zawadi. Katibu aliingize katika makisio, aliandike katika daftari la mali, na mpokeaji atie sahihi. Ununuzi ufanywe kabla ya Mei kwisha.

Maswali ya kujadili mkutanoni: Je, msafirishaji asiye mwajiriwa wa chama apewe jaketi kwa mkopo, au kamati ilinunue na kumwazima? Na mlinzi wa zamu ya usiku akimwachia mwenzake jaketi lililolowa, nani awajibike kuwa na la pili?