Nani Ashike Funguo za Masijala? Akaunti na Ruhusa katika Programu za Kutunza Nyaraka

Vyama vya akiba na mikopo, shule, zahanati na ofisi ndogo za mawakili vinazidi kuhamisha nyaraka zao kutoka makabatini na kuziweka katika programu za kompyuta. Mnunuzi wa programu kwa kawaida huuliza bei, ukubwa wa nafasi ya kuhifadhia na kama itafanya kazi kwenye simu. Swali la nani ataweza kufungua waraka upi, na nani atakuwa na mamlaka ya kubadilisha mpango huo, huachwa hadi siku jambo linapoharibika. Katika somo hili tunalianza swali hilo kabla ya kununua.

Kanuni yenyewe si ngeni nchini. Ofisi za Serikali zimekuwa na masijala ya wazi na masijala ya siri tangu zamani. Jalada halitoki rafuni bila kuandikwa limekwenda kwa nani, na karani wa masijala huwajua kwa sura watu wanaoruhusiwa kuliomba. Programu huchukua nafasi ya karani huyo, ila haina macho. Hutambua akaunti tu. Anayeingia kwa akaunti ya mhasibu, kwa programu huyo ndiye mhasibu, hata akiwa mlinzi wa zamu ya usiku.

Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba kila mtu awe na akaunti yake. Hapa ndipo pesa huleta kishawishi, maana wauzaji wengi hutoza kwa idadi ya watumiaji kila mwezi. Ofisi ya watu saba hununua akaunti mbili, kisha nywila ikabandikwa ukutani. Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo ambamo mwanachama analalamika kuwa kiasi kilichoandikwa katika fomu yake ya mkopo kimebadilishwa. Kumbukumbu za programu zinaonyesha kuwa fomu ilihaririwa saa kumi na moja jioni na mtumiaji aitwaye “ofisi”. Watu wanne wanaijua nywila hiyo. Aliyetenda hawezi kubainika, na wale watatu wasiohusika nao hawana namna ya kujitetea. Hasara hiyo ya pili husahauliwa mno: akaunti binafsi humlinda mtumishi mwaminifu kama inavyomlinda mwanachama. Mwulizeni muuzaji kama anayo bei nafuu kwa watumiaji wa kusoma tu, kwani si kila mtumishi anahitaji uwezo wa kuhariri.

Ruhusa zina ngazi: kusoma, kutoa maoni, kuhariri, kufuta, na kuwapa wengine ruhusa. Hii ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa, nayo ndiyo hugawiwa ovyo kwa sababu humwondolea msimamizi usumbufu wa kuombwa kila mara. Ni bora ruhusa zitolewe kwa vikundi kulingana na kazi, kwa mfano kamati ya mikopo, uhasibu au mapokezi, kuliko kwa jina la mtu mmoja mmoja. Mtumishi akihamia idara nyingine, anatolewa katika kikundi kimoja na kuingizwa katika kingine. Pasipo vikundi, ruhusa za zamani humfuata kila aendako, na baada ya miaka mitano karani mmoja anaweza kuwa anaona zaidi ya meneja.

Katika programu nyingi folda ya ndani hurithi ruhusa za folda inayoibeba. Orodha ya mishahara ikiwekwa ndani ya folda ya “Matumizi ya Ofisi” iliyofunguliwa kwa wote, basi wote wataisoma. Tahadhari pia na kiungo kinachomruhusu yeyote aliye nacho kufungua waraka. Kiungo hicho kikitumwa katika kundi la WhatsApp na mmoja akakipeleka kwingine, programu haitamwuliza msomaji jina lake.

Sasa tuje kwenye akaunti kuu, yaani ile ya msimamizi wa mfumo. Mara nyingi fundi aliyekuja kufunga mfumo huisajili kwa baruapepe yake mwenyewe, au katibu huanzisha folda zote katika akaunti yake binafsi. Katika Google Drive ya mtu binafsi, faili ni mali ya akaunti iliyoliunda. Mwenye akaunti akilifuta kabisa, wote alioshirikiana nao hulikosa. Katika hifadhi za pamoja za Google Workspace, faili huwa mali ya taasisi, hata aliyeliunda akiondoka. Tofauti hiyo inatosha kuwa sababu ya kuchagua huduma moja na kuacha nyingine.

Akaunti kuu isajiliwe kwa baruapepe ya taasisi. Namba ya simu ya kuirejesha iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, maana laini ya mtumishi huondoka naye. Wasimamizi wawe wawili, ili ugonjwa au ugomvi wa mmoja usifunge ofisi, na kila mmoja awe na akaunti nyingine ya kazi za kila siku. Misimbo ya dharura ichapishwe na kutiwa katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu.

Mtumishi anapoacha kazi, akaunti yake isitishwe siku hiyohiyo, wala isifutwe. Kuifuta kwa haraka kumewahi kupoteza kazi ya miaka. Katika Google Workspace, akaunti iliyofutwa hurejeshwa ndani ya siku 20 tu. Katika Microsoft 365, ndani ya siku 30. Kwanza sitisheni, kisha ondoeni simu na kompyuta zake katika orodha ya vifaa, hamishieni nyaraka kwa mrithi wake, ndipo mfikirie kufuta.

Kuhusu nywila tutasema machache. Kulazimisha watu kuzibadilisha kila baada ya miezi mitatu huwafanya waziandike daftarini. Miongozo ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza desturi hiyo mwaka 2017. Nywila ndefu na uthibitisho wa hatua ya pili vinafaa zaidi. Msimbo wa uthibitisho hapewi mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa fundi wa kampuni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde dhidi ya wasioruhusiwa, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua zinavyotumika. Kwa hiyo kabla ya kutia saini mkataba, mtakeni muuzaji afungue akaunti mpya mbele yenu, aizuie isione folda moja, aonyeshe kumbukumbu za aliyeifungua, aisitishe, kisha atoe nakala ya nyaraka zote katika muundo unaosomeka nje ya programu yake. Akishindwa hatua mojawapo, msilipe siku hiyo.